Mashua Ambayo Haikuvuja

Fundi mmoja wa milango alikuwa akiitwa Milimita, na jina hilo hakuliokota barabarani. Alilifanyia kazi. Kwa miaka thelathini na minne alitengeneza milango ambayo ukiisukuma kwa kidole kimoja inajifunga yenyewe, kimya, na ukichungulia pembeni huoni hata mwanga ukipenya. Mteja akimwambia, "Fundi, hapo pametosha, nani ataona?" yeye humjibu, "Mimi nitaona," kisha hupiga randa mara mbili zaidi. Penseli ilikaa nyuma ya sikio lake hata wakati wa kula. Na kitu kilichomkera kuliko vyote duniani ni mwanya. Mwanya kati ya mbao mbili ulimsumbua kama jiwe ndani ya kiatu.

Mtu wa namna hii ni mzuri wa kazi na mgumu wa kushaurika. Wateja walilijua hilo, na mkewe alilijua zaidi.

Mkewe alikuwa karani wa zahanati, mpole, wa maneno machache, na kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kumwomba mumewe jambo kubwa. Nyumba ilipopakwa rangi asiyoipenda, alinyamaza. Walipohamia karibu na karakana badala ya karibu na zahanati, alinyamaza akatembea kwa miguu. Lakini alikuwa binti wa baharia. Baba yake alimfundisha tanga na usukani kabla mama yake hajamfundisha kupika, na mzee huyo alipofariki aliacha mashua ndogo ya mbao yenye mlingoti mmoja. Mwaka huu, akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu, mama huyu alimwambia mumewe asubuhi moja wakinywa chai:

"Nataka kuvuka na mashua ya baba, niende kwa dada."

Dada yake aliishi ng'ambo, mwendo wa siku nzima kwa tanga.

"Boti ya abiria si ipo kila siku?" Milimita akauliza. "Kwa saa tatu tu umefika."

"Ipo," mkewe akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Milimita akaelewa kwamba hapo hapana mjadala. Mkewe alikuwa na likizo ya wiki nne, na wiki hizo ndizo bahari inapotulia. Zikipita, hakuna mwenye akili zake anayevuka na chombo kidogo mpaka mwaka mwingine. Na mwaka mwingine, alisema mwenyewe, magoti yake hayatakubali tena. Ni sasa au basi.

"Niachie mimi," Milimita akasema. "Kazi ya mbao ni kazi ya mbao."

Mkosi wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha, na mtaa mzima uliucheka. Mashua ilikuwa imelala miaka kumi na mmoja ndani ya banda nyuma ya karakana. Banda hilo Milimita alilijenga mwenyewe baada ya msiba, mashua ikiwa katikati: kwanza kuta, kisha paa, mwisho mlango. Mlango mzuri ajabu. Walipokuja wanaume sita kuitoa, waliisukuma hadi kizingitini ikakwama. Mashua ilikuwa pana kuliko mlango kwa vidole viwili.

"Milimita!" mmoja wao akapaza sauti. "Hizi ni milimita ngapi, bwana?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mkewe hakucheka. Aliutazama mlango, akamtazama mumewe, akasema taratibu, "Ulipoujenga hukufikiria kwamba siku moja itatoka."

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo, kichwani mwake mashua ilikuwa ukumbusho wa marehemu, si chombo cha mtu aliye hai anayelala ubavuni mwake. Alichukua msumeno akakata fremu ya mlango wake mwenyewe huku masikio yakimwaka moto.

Mkosi wa pili nao haukuchelewa. Ili kufuta ile aibu, alipaka sakafu ya mashua vanishi mara tatu, akaisugua mpaka ukiinama unajiona. Mkewe akapanda na miguu yenye maji, akateleza, akakaa kitako kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani. "Bwana wangu," alisema akiwa bado chini, "hii ni mashua, si sebule." Alicheka, lakini alichechemea siku mbili, na vanishi yote ikabidi ikwanguliwe.

Kwa hiyo fundi wetu alikuwa amechekwa mara mbili ndani ya wiki moja. Mtu aliyezoea kusifiwa akichekwa mara mbili, hapo mwogope. Lazima atafute pa kujikomboa.

Ndipo akaja Mama Pamba. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, na kazi yake ilikuwa kukalafati, yaani kuziba mianya ya mashua kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kwa kugonga nyundo maisha yake yote. Mashua hii aliijua tangu enzi za marehemu. Aliizunguka, akapitisha vidole kwenye mianya, na mianya ilikuwa mikubwa, maana mbao zilikuwa zimekauka miaka kumi na mmoja.

"Imekauka sana," akasema. "Nitaweka pamba kidogo, legelege. Ikiingia majini itavuja siku mbili, tatu. Iacheni ivuje."

"Ivuje?" Milimita akauliza, utadhani ametukaniwa mzazi.

"Ivuje, mwanangu. Mbao za mlango unaziweka kavu, zinabaki kavu. Hizi zinakwenda kunywa maji. Zitavimba, zitabanana zenyewe. Ziachie nafasi ya kushiba."

Milimita akaitikia kwa adabu, "Sawa, mama," na Mama Pamba akafanya kazi yake kwa siku tatu, akaenda zake.

Alipoondoka, Milimita alibaki akiitazama ile mianya, pamba imechungulia humo kama soksi kwenye kiatu kibovu. Hakulala vizuri. Nisimsingizie: sehemu ya woga wake ilikuwa mapenzi. Hakujua kuogelea, bahari ilimtisha, na alipofumba macho alimwona mkewe katikati ya maji mengi ndani ya kitu chenye nyufa. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kiburi. Watu wangepita gatini waseme, ile mashua inayovuja ni kazi ya Milimita. Hilo hakuweza kulimeza.

Mkewe alikuwa zahanati akimkabidhi mwenzake mafaili kabla ya likizo. Kwa siku nne, kila alipotoka tu mlangoni, Milimita aliingia bandani. Aliichomoa pamba yote. Akachonga vibanzi vyembamba vya mbao ngumu, akavipaka gundi, akavigongomea ndani ya kila mwanya, akapiga randa, akapiga msasa, akapaka rangi nyeupe mara mbili. Alipomaliza, ubavu wa mashua ulikuwa laini, huwezi kujua ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Pamba aliitia kwenye gunia akalisukumia chini ya meza ya karakana. Mtu anayefanya jambo la haki hafichi pamba, na hilo alilijua hata wakati analisukuma.

Jumamosi asubuhi wakaishusha majini. Watu walijaa gatini. Maji yakaipokea, ikaelea, na ndani haikuingia hata tone. Mama Pamba alipanda, akapapasa sakafu, akaikuta kavu.

"Haivuji?" akauliza.

"Hata kidogo," Milimita akajibu, mabega juu.

"Hm," Mama Pamba akasema, akashuka.

Mkewe alimshika mabega yote mawili mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nashukuru," akamwambia. "Kweli nashukuru." Milimita alirudi nyumbani anatembea kama bwana harusi. Wakapanga kuondoka Jumatano, wote wawili.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mlinzi wa gati alikuja mbio karakana. "Fundi, njoo! Mashua yako inalia!"

Alipofika aliusikia mwenyewe: mlio mkavu, *ta!* Kisha kimya. Kisha tena, *ta!* Mbao zilikuwa zimekunywa siku mbili mfululizo, zimevimba, na hazikuwa na pa kwenda. Kila mwanya ulikuwa umeshindiliwa mbao ngumu. Basi zilisukumana zenyewe kwa zenyewe, na kilichoshindwa ni mataruma, zile mbavu za ndani zinazoishika mashua nzima. Zilikuwa zikivunjika moja baada ya nyingine. Mtu wa mbao hahitaji kuelezwa mlio huo. Tangu wa kwanza, Milimita alijua. Mkewe alipofika akihema, na kanga ya begani imeanguka njiani, mbao mbili za ubavuni zilikuwa zimefyatuka misumari na mashua imekwenda chini palepale ilipofungwa. Kilichobaki juu ni nusu ya mlingoti.

Maji yalipokupwa wakaivuta kwa kamba hadi mchangani. Watu wakaizunguka, na kama ilivyo ada, kila mmoja akageuka fundi.

"Nani alikalafati hii?"

"Mama Pamba."

"Basi! Mikono imezeeka hiyo. Amebana pamba kupita kiasi."

Mlinzi wa gati akamgeukia Milimita. "Eti fundi, wewe uliyekuwa nayo kila siku, hukuona kitu?"

Watu wakasogea kumsikiliza. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, macho mekundu. Neno moja tu lilihitajika, na ulimi wa Milimita ukalikimbia.

"Mimi ni fundi wa milango," akasema.

Kila neno lilikuwa kweli. Sijapata kuona uongo uliotengenezwa kwa ukweli mtupu namna ile, bila hata msumari mmoja wa uongo ndani yake. Watu wakaitikia, wakamhurumia. Na mkewe, masikini, akamshika mkono kumfariji.

Alasiri Milimita alirudi peke yake mchangani, amebeba patasi mfukoni, ili ang'oe vile vibanzi kabla mtu hajaviona. Alimkuta Mama Pamba amechuchumaa kando ya mashua. Alikuwa ameshachomoa kibanzi kimoja, bado kina gundi na rangi upande mmoja, anakigeuzageuza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii si pamba."

Milimita akatazama chini.

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Watu wanasema ni mimi."

"Nimesikia."

"Umesikia," Mama Pamba akarudia, si kwa hasira. "Mimi sitamwambia. Akisikia kwangu atadhani najitetea. Mwambie wewe."

"Nitamwambia leo, mama. Haki ya Mungu."

Hakumwambia. Jumanne alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akaishia kuuliza chumvi iko wapi. Mara ya pili akasema bati la jikoni linahitaji msumari. Mara ya tatu akakohoa, na mkewe akamletea maji. Kila wema aliotendewa siku hiyo ulimchoma, na bado akajitia hamnazo.

Jumatano, siku ambayo wangekuwa baharini, mkewe alitoka asubuhi na kurudi adhuhuri. Aliketi bila kuvua viatu.

"Nimetoka kwa Mama Pamba," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kumwambia ukweli. Nimemwambia aweke nyundo chini kabla hajaua mtu. Nimemwambia amemzika baba yangu mara ya pili. Kulikuwa na wateja wawili pale, wamemletea kazi. Wamesikia, wameondoka na mashua zao."

"Naye alisema nini?"

"Hakujitetea. Kanitazama tu, akasema, pole mwanangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sijawahi kumsemesha mtu mzima vile tangu nizaliwe. Lakini alistahili. Si alistahili?"

Alikuwa anauliza kweli, na alikuwa anamtegemea amwambie ndiyo ili roho yake itulie. Milimita alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, haijawahi kumpasukia mtu.

"Hakustahili," akasema. "Pamba yake niliitoa mimi. Yote. Niliweka vibanzi vya mbao na gundi. Alinionya, sikumsikia. Pamba yenyewe iko kwenye gunia, chini ya meza."

Mkewe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikwenda karakana, akalivuta gunia, akalifungua, akatazama ndani. Kisha akarudi akasimama mlangoni, kwenye ule mlango unaojifunga kwa kidole.

"Kwa hiyo umeniacha nikamtukane."

"Sikujua kama utakwenda..."

"Ulinyamaza, nikaenda. Mashua ningekusamehe kabla chai haijapoa. Mashua ni mbao, na kila mtu huharibu. Lakini siku tatu umekula mezani kwangu, nakupa pole mimi, nakuletea maji mimi! Na yule mama anabeba mzigo wako mtaa mzima. Vaa viatu."

Walimkuta Mama Pamba nje ya kibanda chake, hana kazi mkononi. Mke wa fundi alipiga magoti akamshika mikono, akalia kama mtoto, akaomba radhi, na kila neno aliloomba lilikuwa deni la mumewe. Milimita alisimama nyuma yao hajui pa kuweka mikono. Amewahi kusimama mbele ya wateja wenye vyeo na majumba, hajawahi kujiona mdogo namna ile.

"Inuka, mwanangu," Mama Pamba alimwambia mke wa fundi. "Wewe ulisema ulichokiamini." Kisha akamtazama fundi. "Mimi nimeshakusamehe. Lakini walionisikia nikisemwa ni wengi, na siwezi kuwazungukia kwa miguu hii. Utawatafuta wewe." Akageuka tena. "Likizo imebaki siku ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Zinatosha, kama huyu atafanya ninachomwambia."

Akafanya. Alichonga mataruma mapya sita, akang'oa vibanzi vyake mwenyewe kimoja kimoja, akarudisha mbao zilizofyatuka, na kila alipotaka kubana mwanya Mama Pamba alimgonga kiganja kwa mpini wa nyundo. "Acha nafasi." Akaacha. Ilimuuma kuliko kukatwa. Mama Pamba akaweka pamba, legelege, kama mara ya kwanza.

Wakaishusha tena majini, na mashua ikavuja kama kikapu. Kwa siku mbili mchana kutwa Milimita alikaa ndani yake akichota maji kwa ndoo, amelowa hadi kiunoni, mbele ya gati nzima. Kila aliyepita aliuliza kilichotokea, naye akamjibu kila mmoja: "Nilitoa pamba ya Mama Pamba nikaweka vibanzi vyangu. Kosa ni langu, na nikanyamaza akalaumiwa yeye." Mlinzi wa gati alicheka. Muuza duka alitazama pembeni, na hilo likawa baya zaidi. Wale wateja wawili aliwafuata hadi majumbani kwao. Mmoja alirudi kwa Mama Pamba, mwingine alikuwa ameshampa kazi mtu mwingine. Watu husema kosa likisemwa hupungua. La kwake halikupungua. Mara ya thelathini lilikwama kooni sawasawa na mara ya kwanza.

Siku ya tatu asubuhi aliingiza ndoo, ikagonga sakafu. Hapakuwa na maji ya kuchota. Mbao zilikuwa zimeshiba.

Wakasubiri siku mbili zaidi, bahari ikiwa bado tulivu, kisha mkewe akasema kesho. Mashua ilikuwa ya watu wawili. Milimita alifungasha begi dogo, akaazima jaketi la kuokolea, akalijaribu mbele ya kioo. Asubuhi alifika gatini akamkuta mkewe anapanga madumu ya maji ya kunywa. Mama Pamba alikuwa amekaa juu ya ngazi ya gati, naye ana begi.

Milimita aliliona lile begi, akasimama.

"Nilidhani tunakwenda mimi na wewe," akasema.

Mkewe aliacha madumu, akashika kamba ya mashua. "Nikuulize kitu, nawe unijibu kweli. Tukiwa katikati kule, mashua ikaanza kuingiza maji, na kosa likawa lako. Utaniambia saa ileile? Au utasubiri mpaka nijue mwenyewe?"

Ndiyo ni neno fupi, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Angelitamka tu, begi lake lingeingia. Lakini alimkumbuka mkewe akimletea maji ya kikohozi kisichokuwepo.

"Sijui," akasema. "Ningependa kusema ndiyo. Lakini sijui."

Uso wa mkewe ulilegea kidogo, ila mkono haukuiachia kamba.

"Ahsante kwa kunijibu kweli," akasema. "Basi safari hii baki."

Mama Pamba akashuka ngazi, akapanda mashua. Milimita aliweka begi lake chini, akaingia majini na nguo zake, akaisukuma mashua mpaka maji yakamfika kifuani, yeye asiyejua kuogelea. Tanga likashika upepo. Mkewe alikaa kwenye usukani akitazama mbele, maana anayeongoza chombo hatazami nyuma, na mashua ikaenda vizuri, imenyooka, mpaka ikawa ndogo.

Alitoka majini anachuruzika. Gatini watu walewale walikuwa wamesimama wakipunga mikono.

"Fundi!" mlinzi wa gati akamwita. "Safari umeitengeneza wewe, mbona umebaki?"

Angeweza kusema mashua ni ndogo, na ingekuwa kweli. Akamsogelea, akawaambia wote kwa nini.